Kupe wa Majani na Papasi wa Nyumbani: Jinsi ya Kuwalinda Watoto

Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:8

Ndugu msomaji, mtoto wako amerudi jioni. Asubuhi alitoka na wenzake kuchunga mbuzi, au alikwenda kutafuta kuni, au alicheza siku nzima katika majani yaliyo nyuma ya lupango. Sasa ana njaa. Unampa ugali na ndagala, anakula, anashiba, analala. Je, umemtazama?

Hatuulizi kama umemwona. Kila mama humwona mtoto wake. Twauliza kama umetazama nyuma ya masikio yake, kwapani, kiunoni, na ndani ya nywele zake, mahali ambapo mdudu mdogo aweza kujificha na kunywa damu wala mtoto asilie. Mdudu huyo ni kupe. Na kama mtoto amelala juu ya mkeka katika nyumba yenye sakafu ya udongo uliopasuka, huenda yuko mdudu mwingine, jamaa ya kupe, anayengoja usiku. Huyo ni papasi.

Somo letu ni juu ya wadudu hao wawili. Mmoja humpata mtoto nje, mwingine humpata ndani. Wazazi wengi wanamjua wa kwanza, kwa sababu wanamwona juu ya ng'ombe. Wa pili hawamjui, naye ndiye anayeleta homa mbaya zaidi kwa watoto wadogo. Basi na tuwajue wote wawili.

1. KUPE WA MAJANI

Watu wa uwanda wa Ruzizi, toka Uvira kupita Kiliba na Sange mpaka Luvungi, wamemjua kupe tangu zamani kwa sababu ya mifugo. Hata upande wa Baraka na Fizi, palipo na ng'ombe na mbuzi, kupe yupo. Ngozi yake ni ngumu. Akiwa na njaa ni bapa kama mbegu ya papai iliyokauka. Akishiba damu huvimba kama punje ya maharagwe.

Kupe jike akiisha kushiba huanguka chini, hutaga mayai kwa maelfu katika majani, kisha hufa. Watoto wake wakitoka mayaini ni wadogo kama punje ya ulezi, nao wana miguu sita tu. Wakikua watakuwa na minane. Hupanda juu ya majani pamoja, makundi makundi, na kungoja. Mnyama akipita, au mtu, hushika manyoya au nguo. Kupe hana mabawa wala haruki kama kiroboto. Wengi hungoja tu, na wengine hutembea ardhini kumfuata anayepita.

Kwa hiyo mahali pa hatari ni mahali pa wanyama: njia ya ng'ombe, majani marefu kando ya maji wanyweapo, na kivuli ambapo mifugo hulala mchana. Kwa bahati mbaya hapo ndipo mchungaji mdogo naye hukaa. Mbwa naye huleta kupe mpaka mlangoni, na mtoto anayelala akimkumbatia mbwa atashirikiana naye wadudu wake.

Wafugaji watauliza: je, ule ugonjwa unaoua ndama, ambao huanza kwa kuvimba tezi chini ya sikio, waweza kumpata mtoto? Hapana. Ule ni ugonjwa wa ng'ombe tu. Lakini yako magonjwa mengine ya kupe ambayo ni ya watu.

La kwanza ni homa ya kupe wa majani. Siku chache baada ya kuumwa, mtoto hupata homa, kichwa kinamwuma, na tezi za karibu na mahali alipoumwa zinavimba. Ukitazama vizuri utaona kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, pengine zaidi ya kimoja. Kigaga hicho ni alama kubwa. Mwonyeshe mwuguzi, usikifunike kwa dawa ya majani. Kwa kawaida ugonjwa huu hauui, na iko dawa inayouponya upesi.

La pili ni la hatari sana, ingawa halipatikani mara nyingi. Mwaka 1956, katika mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, mvulana mmoja aliugua homa, na katika damu yake wataalamu wakapata kijidudu kisichojulikana nchini. Baadaye ilionekana kwamba ni kile kile kilichopata kuwaua watu huko Crimea, mbali sana na Afrika. Ndiyo sababu ugonjwa huo huitwa homa ya Crimea na Kongo. Mtu aliyeugua sana hutoka damu puani, katika fizi na chini ya ngozi. Kijidudu huingia kwa kuumwa na kupe, lakini pia kwa damu: damu ya mnyama anayechinjwa, au damu ya kupe aliyepasuliwa kwa vidole.

Hapa twasema na wazazi wa wachungaji wadogo. Watoto hupenda kuwang'oa kupe walioshiba katika masikio ya ng'ombe na kuwapasua kwa kucha au kwa jiwe, kwa kuwa hucheka kuona damu ikiruka. Mchezo huo ukatazwe kabisa.

2. JINSI YA KUMTOA KUPE

Watu wana njia nyingi. Mmoja hummwagia petroli ya taa, mwingine humchoma kwa kaa la moto, mwingine humpaka mafuta ya mawese ili akose pumzi. Njia hizi si nzuri. Kupe akiteswa hutema mate yake ndani ya mwili wa mtoto, na katika mate hayo ndimo vijidudu vilimo. Tena kaa la moto huacha jeraha kubwa kuliko la kupe. Fanya hivi:

(a) Chukua kibano kidogo chenye ncha nyembamba. Kama huna, funika vidole vyako kwa kitambaa au kipande cha mfuko wa plastiki.

(b) Mshike kupe karibu sana na ngozi ya mtoto, pale kichwa kilipoingia. Usimshike tumbo, maana utamkamua.

(c) Vuta polepole, moja kwa moja, bila kumzungusha. Ngoja aachie mwenyewe.

(d) Mtie motoni, au katika chupa yenye maji mengi ya sabuni na uifunge. Usimpasue.

(e) Osha mahali pale kwa maji na sabuni, na mikono yako pia.

(f) Ikumbuke siku hiyo. Mwenye kalenda ukutani aitie alama. Mtoto akipata homa kabla ya majuma mawili kupita, umpeleke kwa mwuguzi na useme: "Mtoto huyu alitolewa kupe siku fulani." Neno hilo moja laweza kumsaidia mwuguzi kuliko maelezo mengi.

Kupe wadogo kama ulezi hushika kwa wingi pamoja. Ukiona vitone vyeusi vingi miguuni mwa mtoto, usifikiri ni uchafu tu. Tazama kama vina miguu.

3. PAPASI WA NYUMBANI

Sasa tumgeukie mdudu wa pili. Papasi ni kupe mwenye ngozi laini, iliyokunjamana kama ngozi ya mfuko wa zamani, na rangi yake ni ya udongo. Katika sehemu nyingine za Kongo huitwa kimputu. Haishi juu ya mnyama. Huishi mavumbini, katika nyufa za sakafu na za ukuta, chini ya mikeka, hasa katika nyumba kuukuu na vibanda vya kulala wachungaji na wasafiri.

Desturi yake ni kama ya mwizi. Mchana hujificha. Usiku, watu wakiisha kulala, hutoka, hunywa damu kwa muda mfupi, pengine nusu saa, kisha hurudi ufani mwake. Asubuhi huoni kitu mwilini mwa mtoto ila labda alama ndogo nyekundu. Ndiyo sababu mama ambaye humtazama mtoto wake kwa uaminifu kila jioni aweza kumkuta hana kupe hata mmoja, na bado mtoto akaugua.

Jambo jingine la kushangaza ni uvumilivu wake. Papasi aweza kukaa miaka bila kula. Nyumba iliyoachwa wakati wa vita au mafuriko, watu wakirudi, papasi wanaweza kuwa wamo bado, wana njaa. Tena papasi jike mwenye vijidudu huvipitisha katika mayai yake, na watoto wake huzaliwa wakiwa navyo tayari. Kwa hiyo hata papasi mchanga, ambaye hajapata kumwuma mgonjwa, aweza kuleta ugonjwa.

4. HOMA INAYORUDI

Ugonjwa wa papasi huitwa homa ya papasi, au homa inayorudi. Sikiliza vizuri jinsi inavyokwenda, maana imewadanganya watu wengi.

Baada ya kuumwa hupita kama juma moja. Ndipo mtoto hushikwa ghafula na homa kali, kutetemeka, kuumwa kichwa, viungo na mgongo, pengine hutapika. Wazazi husema, "Ni malaria." Hununua vidonge dukani na kumpa. Siku ya tatu au ya nne homa hushuka, mtoto hutoka jasho jingi, huomba chakula. Nyumba nzima hushukuru. Kumbe vidonge vile havikuviua vijidudu hata kimoja. Homa hii hushuka yenyewe kwa desturi yake, na dawa yo yote iliyotolewa siku ile hupata sifa isiyo yake.

Hupita siku kadhaa, pengine juma zima. Mtoto anacheza. Halafu homa hurudi. Hushuka, na kurudi tena. Kila mara damu ya mtoto hupungua na mwili wake hudhoofika. Na hapo maneno mengine huanza kusemwa nyumbani: "Homa hii si ya kawaida. Mtoto ametiwa sumu. Ni nani aliyempa chakula? Ni nani aliyetuonea wivu?" Mama mzee wa jirani, ambaye kosa lake ni kumpa mtoto ndizi tu, huanza kutazamwa kwa jicho baya. Tumeona ujamaa ukivunjika kwa njia hii. Ndugu msomaji, kabla ya kumtafuta adui katika nyumba ya jirani, inua mkeka wako utazame ufa ulio chini yake.

Ugonjwa huu hujulikana kwa kutazama damu kwa darubini. Vijidudu vyake huonekana kama nyuzi ndogo zilizojikunja mfano wa waya wa kizibuo, vikitembea katikati ya chembe za damu. Lakini huonekana vizuri wakati homa iko juu. Kwa hiyo usingoje homa ishuke ndipo umlete mtoto. Mlete wakati mwili una moto.

Angalia neno hili pia. Siku hizi vituo vingi vya afya hutumia kipimo cha haraka cha malaria, tone moja la damu juu ya kijibao kidogo. Ni kipimo kizuri, lakini chaonyesha malaria tu. Kikisema hakuna malaria, hakikusema hakuna homa ya papasi. Na kikisema malaria ipo, bado mtoto aweza kuwa na magonjwa yote mawili. Kama homa imekwenda na kurudi, mwambie mwuguzi hivyo waziwazi, na umwombe damu itazamwe kwa darubini.

Dawa iko, na huponya. Daktari ndiye atakayechagua ile ifaayo umri wa mtoto. Ila jueni hili: saa chache baada ya dawa ya kwanza, mgonjwa aweza kutetemeka sana na homa yake kupanda kuliko mwanzo. Hiyo ni kwa sababu vijidudu vingi vinakufa kwa mara moja. Mama mwingine akiona hivyo humbeba mtoto na kukimbia naye nyumbani usiku, akisema sindano imemdhuru. Usifanye hivyo. Kaa pale pale, mwuguzi amtunze mpaka hatari ipite. Ndiyo sababu twapenda mgonjwa huyu alale hospitalini.

Na kwa mama mwenye mimba twasema kwa mkazo. Homa ya papasi yaweza kuiharibu mimba, au kumfanya mtoto azaliwe kabla ya wakati wake, au azaliwe na vijidudu vile katika damu. Mama mwenye mimba akipata homa, asingoje hata siku moja.

5. JINSI CHANZO KILIVYOJULIKANA

Zamani hakuna aliyejua kwa hakika homa hii yatoka wapi, ingawa wasafiri na wenyeji walimshuku papasi. Mwaka 1903 madaktari wawili, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walikuja Kongo kutoka shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool, Uingereza. Walisafiri mpaka sehemu za Maniema, magharibi ya ziwa letu. Waliwachukua papasi katika nyumba, wakawaacha wawaume nyani, na nyani wakaugua. Hivyo wakathibitisha kwamba papasi ndiye mwenye kuleta homa. Lakini wao wenyewe pia waliugua homa ile ile. Todd alipona. Dutton alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu. Hata leo kijidudu cha homa hii kinaitwa kwa jina lake.

Huko Uganda madaktari Ross na Milne walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo katika mwaka 1904. Na Robert Koch, daktari Mjerumani, aliwakuta papasi tele katika vituo vya misafara, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wapagazi walilala hapo usiku mmoja, wakaondoka na papasi ndani ya mizigo na mikeka yao, wakawapeleka katika vijiji vya mbele. Twapaswa kulikumbuka hilo sisi ambao mara nyingi tumelazimika kuhama na mikeka kichwani. Mkeka unaotoka katika nyumba kuukuu ukung'utwe nje, mbali na mlango, uanikwe juani, utazamwe kila pindo, kabla haujaingia katika nyumba mpya.

6. KAZI YA NYUMBA

Torati iliwaagiza watu wajengao nyumba mpya waweke ukuta kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Maana yake ni kwamba mjenzi ana wajibu juu ya uhai wa walio ndani. Katika nchi yetu hatulali juu ya dari. Hatari yetu iko chini, sakafuni.

Baba wa nyumba, kazi hii ni yako. Ziba nyufa zote za sakafu na za ukuta kwa udongo mzuri, kisha pigilia sakafu iwe ngumu. Mpasuko mpya ukitokea, zibwa tena. Si kazi ya mara moja. Mwenye uwezo atie saruji, na kama haitoshi nyumba nzima, aanze na chumba wanacholala watoto. Kuku na nguruwe wasilale chumba kimoja na watoto, kwa sababu papasi hunywa damu yao pia na kuongezeka. Tengeneza kitanda, hata cha miti na kamba, kisichogusa ukuta. Chandarua unachotumia kwa sababu ya mbu kichomekwe vizuri chini ya godoro au mkeka pande zote, nacho kitasaidia kumzuia papasi.

Iko pia dawa ya kupulizia nyumba. Huko Mvumi, karibu na Dodoma katika Tanzania, ipo hospitali ya misioni katika nchi yenye papasi wengi. Mwaka 1998 waganga walieleza kwamba nyumba zilipopuliziwa dawa, homa ya papasi ilipungua kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kazi hiyo ifanywe na mtu aliyefundishwa. Na dawa ya kuoshea ng'ombe isipakwe mwilini mwa mtoto kamwe, wala isitiwe katika nywele zake. Ni sumu, nayo hupita katika ngozi.

Tena majani yanayozunguka nyumba yakatwe mafupi, na watoto wachezee mahali palipofagiwa. Mchungaji mdogo apewe suruali ndefu kama ipo, aichomeke ndani ya soksi, na afundishwe kukaa juu ya jiwe kuliko katika majani wanapolala ng'ombe. Akilazimika kulala katika kibanda cha malisho, asilale chini kavu.

7. DAKIKA TANO ZA JIONI

Hayo yote ni mengi, na mengine yataka fedha. Lakini liko moja lisilotaka fedha hata kidogo. Kila jioni, kabla giza halijaingia, mtoto akioga, mtazame mwili wote. Anza kichwani: nywele, nyuma ya masikio, ndani ya sikio, shingo. Shuka kwapani, kitovuni, kiunoni, mapajani, nyuma ya magoti, katikati ya vidole vya miguu. Kung'uta nguo zake nje. Mtoto mkubwa afundishwe kujitazama mwenyewe na kumtazama mdogo wake. Kupe aliyetolewa mapema mara nyingi hajapata nafasi ya kuleta ugonjwa.

Na wakati mtoto anaoga, baba au kaka ainue mkeka na kutazama sakafu. Hivyo milango yote miwili imelindwa.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Kupe wa majani na papasi wana tofauti gani? Kila mmoja humpata mtoto wapi, na saa gani?
2. Kwa nini si vema kumchoma kupe kwa moto au kummwagia petroli?
3. Mtoto alikuwa na homa, ikashuka siku ya nne, ikarudi baada ya juma. Utamwambia mwuguzi nini?
4. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha nini?
5. Mtoto ametetemeka sana saa chache baada ya dawa ya kwanza. Kwa nini usimchukue nyumbani?
6. Leo jioni, ukirudi kwako, utaziba ufa gani kwanza?